Albamu sita na mkebe wa barua: jibu kwa msomaji wa Langoni

Swali la msomaji: "Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Langoni, Lamu. Alikuwa karani wa forodha, na ametuachia albamu sita za stempu pamoja na mkebe wa biskuti uliojaa bahasha na barua kuukuu, nyingine za tangu enzi za babu yake, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kaka zangu wawili walioko Mombasa wanataka vyote viuzwe tugawane. Kuna mgeni aliyefikia Shela ambaye ametoa shilingi 40,000 kwa vyote kwa pamoja. Nimeanza kuzibandua stempu zilizo kwenye bahasha ili nizipange vizuri kabla ya kumwonyesha. Je, zina thamani gani, na niziuze vipi?"

Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira. Swali lako linahitaji jibu refu, lakini neno la kwanza ni fupi: tafadhali acha kubandua. Ikiwa kuna mali ya maana katika urithi huu, nadhani imo ndani ya mkebe kuliko ndani ya albamu, na inategemea bahasha kubaki nzima kama zilivyofika siku zilipoletwa na tarishi. Stempu ya senti 20 ya wakati wa Mfalme George wa Sita, ikibanduliwa, ni kipande cha karatasi ambacho wakusanyaji wanacho kwa maelfu. Stempu hiyohiyo ikiwa juu ya bahasha, ikiwa na muhuri wa posta unaosomeka, tarehe, anwani, na labda muhuri wa pili wa mji ambako barua ilipumzika njiani, ni ushahidi wa safari ya barua, na wapo watu wanaolipa kwa ajili ya ushahidi huo. Zile ulizokwisha kuzibandua usijaribu kuzigundisha tena, kwa maana mnunuzi mzoefu ataiona gundi mpya na ataanza kuutilia shaka mkebe mzima. Ziweke pamoja na bahasha zake, kila moja katika karatasi yake iliyokunjwa, ili ijulikane ipi ilitoka wapi.

Kabla ya kuzungumzia bei, kuna jambo la mirathi. Albamu na mkebe ni sehemu ya tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, kama ilivyo nyumba au shamba, na haviwi mali ya mtu mmoja mpaka gharama za mazishi zimelipwa, madeni yamelipwa, wasia, kama upo, umetekelezwa bila kuzidi theluthi, na warithi wote wamejulikana. Kama mama yenu yu hai, ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, kisha kaka zako na wewe mnapata kinachobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mahakama ya Kadhi ipo hapo Lamu, na ndiyo yenye mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Sikuagizi mwende kugombana. Ninachokushauri ni mpate hati inayowataja warithi, na karatasi nyingine iliyotiwa sahihi na ninyi nyote ikisema nani ameruhusiwa kuuza, kwa utaratibu gani, na fedha zitaingia wapi. Kuna manufaa mawili. La kwanza ni amani ya nyumba. La pili ni kwamba nyumba za mnada zinazofuata taratibu huuliza mwuzaji ana haki gani juu ya mali anayoileta, na asiye na jibu la maandishi hucheleweshwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua mchana usio na upepo, keti kivulini barazani, nawa mikono na uikaushe kabisa. Tafuta kibano chenye ncha bapa zisizochoma, na lenzi ya kukuzia kama ile ya masonara. Usitumie utepe wa gundi, usiandike kwa kalamu ya wino juu ya chochote, na usitie stempu yoyote majini. Watu wengi wanaamini kwamba kuloweka ni sehemu ya ustadi, na kwa stempu za kawaida zilizotumika hakuna ubaya, lakini baadhi ya stempu za zamani za makoloni ya Kiingereza zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki kwa wino unaoyeyuka, na dakika chache za maji huondoa rangi isiyorudi. Stempu mpya ambayo haijatumika nayo ikilowa hupoteza gundi yake ya asili, na pamoja na gundi huenda sehemu kubwa ya bei. Ukikuta ukurasa ambao unyevu umezigandisha stempu, uache kama ulivyo.

Piga picha kila ukurasa wa albamu kwa simu, ukiisimamisha simu wima juu ya karatasi, kwa mwanga wa mchana lakini si juani. Kwa mkebe, piga kila bahasha mbele na nyuma. Upande wa nyuma ndio wanaousahau wengi, ilhali mara nyingi huko ndiko ulikopigwa muhuri wa kupokelea. Zipe namba kwa penseli laini kwenye vipande vya karatasi vinavyowekwa kando ya kila bahasha, kisha andika daftari. Kazi hii inachosha, na hakuna atakayekulipa kwa ajili yake, lakini ndiyo itakayokuwezesha kumwuliza mtaalamu wa nchi yoyote bila kuutoa mkebe mlangoni kwako.

Katika albamu za kizazi cha baba yako, kwa watu wa pwani, nimezoea kukuta mambo yaleyale. Kurasa nyingi hujaa stempu kubwa za rangi zinazong'aa, zenye wachezaji mpira, vyombo vya anga, wanyama na michoro ya Kizungu, zikiwa na majina ya dola ndogo za Ghuba, Ajman, Fujeira, Umm al Qiwain, Ras al Khaima, na pengine "Qu'aiti State in Hadhramaut", "Kathiri State of Seiyun" au "Mahra State". Zilichapwa kwa wingi mno katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 ili ziuzwe kwa watoto na wakusanyaji wapya duniani, na nyingi hazikuwahi kubandikwa kwenye barua. Utazitambua kwa kuwa zina muhuri safi pembeni, lakini ukizigeuza unakuta gundi nzima haijaguswa, yaani zilipigwa muhuri kwa mafungu kabla ya kuuzwa. Hizi ndizo zinazovutia macho ya wageni sebuleni, nazo ndizo zenye thamani ndogo kuliko zote. Nakuomba usikate tamaa kwa sababu yake, na usiziache zikupe matumaini ya uongo. Vivyo hivyo kwa bahasha za siku ya kwanza, yaani zenye muhuri wa siku stempu ilipotolewa, za miaka ya 1970 na 1980, zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji; ni nzuri, zinapendeza, na zipo nyingi.

Penye kustahili utulivu ni kurasa za Kenya, Uganda na Tanganyika. Stempu za 1935, na zile za 1938 hadi 1954 zilizofuata michoro hiyohiyo zikiwa na sura ya George wa Sita, zilichapwa mara nyingi katika miaka ya vita na baada yake, na kila chapa ilikuja na tofauti ndogo. Chukua za senti 5 na senti 50, zenye jahazi la Ziwa Victoria. Weka lenzi juu ya tanga, ufuate kamba ya upande wa kushoto. Katika baadhi ya stempu kamba inafika mpaka kwenye tanga, katika nyingine inaishia hewani kabla ya kuligusa. Kwa senti 50 ya 1938, ile ambayo kamba haikuungana na tanga ni kasoro ya sahani ya kuchapia, na wakusanyaji huitafuta na kuilipia zaidi. Wewe ni mtu wa Lamu, umekua ukiona kamba na matanga, hivyo sidhani kama utahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.

Tofauti nyingine ni ya meno, yaani matundu ya ukingoni yanayowezesha stempu kuchanika. Meno huhesabiwa kwa kila sentimita 2, na kuna kipimo cha kadi kwa kazi hiyo ambacho unaweza kuagiza kwa bei ndogo. Katika toleo hili la 1938, stempu mbili zenye picha moja na rangi moja zaweza kutofautiana kwa meno 13 na robo dhidi ya meno 14, na moja ikawa ya senti chache huku nyingine ikiuzwa kwa bei ya maana. Ndiyo maana sikubali kukisia bei ya albamu za eneo letu kwa picha ya mbali. Angalia pia stempu ya pauni moja ya mwaka 1948, ya maadhimisho ya ndoa ya mfalme. Mwenzake wa senti 20 yuko kila mahali, lakini ya pauni wachache waliimudu.

Kwa Kenya huru, toleo lililonipa raha kuliko yote ni lile la makombe na konokono wa bahari la 1971. Stempu ya senti 50 ilitoka kwanza ikiwa na jina la kitaalamu "Janthina globosa", baadaye ikasahihishwa kuwa "Janthina janthina". Na ile ya senti 70 ilikuwa na "Nautilus pompileus" kabla ya kusahihishwa kuwa "Nautilus pompilius". Katalogi, yaani vitabu vya orodha na bei za stempu, huziorodhesha kando, kila moja na bei yake. Na kama baba yako alikuwa na jamaa Unguja, tafuta stempu za Zanzibar zilizopigwa chapa ya "JAMHURI 1964" baada ya mapinduzi ya Januari mwaka huo. Zipo zilizopigwa kwa mashine, na zipo za awali zilizopigwa kwa muhuri wa mkono, ambazo maandishi yake hukaa upande au kufifia. Za mkono ndizo za kuulizia.

Ukiona stempu yenye thamani kubwa iliyoandikwa juu yake, rupia 50 au 100, au pauni nyingi za Kenya na Uganda za 1922, moyo utaruka, na hapo ndipo pa kutulia. Stempu hizo zilitumika zaidi kwenye hati za ardhi na mikataba kuliko kwenye barua. Ikiwa imefutwa kwa kalamu ya wino, au kwa muhuri wa ofisi usiokuwa wa posta, bei yake huanguka hadi sehemu ndogo ya ile iliyopita posta. Wajanja wamekuwa wakizisafisha wino na kuzipiga mihuri ya bandia ya posta, kwa hiyo hata ile inayoonekana nzuri itahitaji cheti cha uhalisi.

Sasa mkebe. Naomba uufungue ukiwa na historia ya mji wako akilini, kwa sababu mambo ya posta ya Lamu ni ya ajabu kwa mji wa ukubwa wake. Wajerumani, walipokuwa na himaya yao Witu, walifungua wakala wa posta hapo Lamu mwezi Novemba 1888, wakaufunga tarehe 31 Machi 1891, baada ya Witu kuachiwa Waingereza kwa mkataba wa 1890. Jengo lake unalijua, ndilo makumbusho ya posta ya Wajerumani mnayopita mbele yake. Wakala ule haukuwa na stempu za pekee. Ulitumia stempu za kawaida za Ujerumani, za pfenigi, sarafu yao ndogo, na kinachozitambulisha ni muhuri tu, wenye maneno "LAMU" na "OSTAFRIKA". Kwa jicho lisilojua, ni stempu kuukuu ya Ujerumani isiyo na maana. Kwa mkusanyaji wa Ujerumani, ni miongoni mwa vitu anavyovitafuta kwa miaka. Ukiikuta juu ya bahasha iliyosafiri kweli, usimwonyeshe mtu yeyote barabarani, na usiitume popote kabla ya kupata ushauri wa maandishi.

Katika miaka hiyohiyo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza posta yake. Stempu zake za kwanza, za Mei 1890, zilikuwa stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria zilizopigwa chapa ya jina la kampuni na thamani kwa "anna", sarafu ndogo ya Kihindi. Baadaye mwaka huo zikaja zenye jua na taji. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo zilipopungua Mombasa, maofisa waliandika "½ Anna" kwa kalamu juu ya stempu nyingine wakatia herufi za majina yao. Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi mwaka 1895, zilizobaki zikapigwa chapa mpya, na baada yake zikatumika za India zilizoandikwa "British East Africa". Karibu kila moja ya hatua hizi ina kughushi kwake, hasa ile ya kwanza ya 1890, kwa hiyo kuiona si kuipata. Lakini mkebe uliokaa katika nyumba moja tangu enzi za babu wa baba yako una jambo ambalo mghushi hawezi kuliiga kwa urahisi, nalo ni barua nyingi za familia moja, kwa anwani moja, kwa mfululizo wa miaka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutouvunja.

Soma mihuri, sio ya Lamu na Malindi pekee. Kismayu ilikuwa chini ya utawala uliotawala Kenya mpaka mwaka 1925, ilipokabidhiwa kwa Waitalia pamoja na nchi ya Juba, nao wakatoa stempu zenye maneno "Oltre Giuba". Barua iliyotoka Kismayu kabla ya hapo, au katika mwaka ule wa makabidhiano, ni ya kuwekwa kando. Weka kando pia barua zilizotoka Mukalla, Seiyun au Tarim. Ndugu wengi wa Lamu wana jamaa Hadhramaut, na barua za kweli za biashara na salamu, zenye stempu za Aden au za masultani walioanza kutoa zao mwaka 1942, hazina uhusiano na zile picha za wachezaji mpira nilizozitaja. Barua za miaka ya 1939 hadi 1945 zaweza kuwa na ukanda wa karatasi pembeni, mahali mkaguzi wa vita alipoifungua na kuifunga tena. Usiubandue ukanda huo.

Hali ya kitu huamua bei kuliko watu wanavyodhani. Hewa ya chumvi, joto la kaskazi na mvua za masika huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi, wadudu hula gundi, na mchwa hawachagui. Stempu adimu yenye jino lililokatika, mkunjo, au sehemu ya nyuma iliyochunwa ikabaki nyembamba, huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya iliyo kamili. Kwa bahasha, wanunuzi ni wapole kidogo, kwa sababu wanajua barua husafiri. Mpasuko wa kufungulia juu si kosa. Mpaka mtakapouza, toa kila kitu kwenye mkebe kama una kutu, uviweke ndani ya bahasha safi za karatasi kwenye sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Mifuko ya plastiki ya dukani hufungia unyevu ndani, nayo huharibu.

Kuhusu bei, kitabu kinachotumika kwa eneo letu ni katalogi ya Stanley Gibbons ya London, na kwa mambo ya Wajerumani ni Michel. Ni muhimu ujue maana ya namba zilizomo. Bei ya Gibbons ni ile ambayo duka lingemuuzia mkusanyaji stempu iliyo katika hali nzuri, likiwa limeweka ndani yake kodi ya pango, mishahara na miaka ya kungoja mteja. Wewe unauza, hununui. Kwa stempu nzuri zenye soko, ukipewa robo ya bei ya kitabu umeuza vizuri. Kwa za kawaida, hata sehemu ya kumi haifikiki, kwa sababu hakuna anayezihitaji. Vitu adimu kweli hufuata njia nyingine, kwani huko bei huamuliwa na watu wawili au watatu wanaokitaka kitu kimoja siku moja. Usihesabu jumla ya katalogi ukawatumia kaka zako. Nimeona ndugu wakikosana juu ya fedha ambazo hazikuwapo. Afadhali kutazama bei ambazo vitu vya aina hiyo vimenunuliwa kweli katika minada iliyopita, ambazo nyumba nyingi za mnada huzichapisha.

Cheti cha uhalisi hutolewa na wataalamu wanaokichunguza kitu chenyewe, wala si picha. Kwa stempu za Kiingereza na za makoloni yake, vyeti vya kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London, au vya BPA Expertising, vinaaminiwa popote. Vina gharama, na havistahili kwa kitu cha thamani ndogo. Mara nyingi nyumba ya mnada yenyewe itakuambia kipi kikaguliwe, na itakata ada kwenye mauzo. Kabla ya kufika huko, wapo wakusanyaji wa Afrika Mashariki waliojiunga katika East Africa Study Circle, watu wanaojua mihuri ya miji yetu kwa tarehe zake, na picha zako nzuri zitapata jibu la ujuzi kuliko la dalali yeyote wa mtaani.

Ushauri wangu kuhusu kuuza ni kwamba usiviuze vyote kwa mlango mmoja. Albamu za stempu za dunia nzima, pamoja na zile za rangi za Ghuba, ziuze hapa nchini kwa mkupuo kwa mtu atakayezifurahia, au kwa mwalimu mwenye chama cha wanafunzi, maana gharama ya kuzisafirisha itazidi bei yake. Za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikishachambuliwa, unaweza kuuza moja moja kwenye mtandao wa Delcampe au eBay ikiwa una subira ya kupiga picha, kujibu maswali na kwenda posta kila wiki. Usipokuwa na subira hiyo, ziunganishe na mkebe. Barua zenyewe, hasa zikiwamo za kabla ya vita vya kwanza, zipeleke kwenye mnada wa kimataifa: Spink au Grosvenor za London kwa mambo ya Kiingereza, na Heinrich Köhler ya Wiesbaden au Christoph Gärtner kwa muhuri wa Wajerumani. Waandikie kwanza na kuwatumia picha. Waulize kamisheni wanayomkata mwuzaji, gharama za picha na bima, bei ya chini ambayo kitu hakitauzwa pungufu yake, muda wa kulipwa baada ya mnada, na kitatokea nini kisipouzwa. Majibu yote yawe kwa maandishi. Anayekutaka ulipe kitu mapema ili "akusajili", au anayeomba abaki na mkebe siku chache ili autazame, muage kwa adabu.

Kwa vitu vya kabla ya mwaka 1895, fika Makumbusho ya Lamu kabla ya kutuma chochote nje. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 huzuia kutoa nchini vitu vya kale bila kibali, na mwaka huo ndio mpaka iliouweka. Vitabu na hati vina nafasi tofauti katika tafsiri ya sheria hiyo, lakini ni heri kupata kauli ya ofisi kwa maandishi kuliko kifurushi kuzuiliwa uwanja wa ndege. Utakapotuma, tumia huduma ya kufuatiliwa yenye bima, na utangaze kilichomo kwa ukweli.

Nabaki na mgeni wa Shela. Sina sababu ya kumdhania vibaya. Huenda ni mkusanyaji mwema aliyeona kitu kinachompendeza. Mwulize swali moja: je, atatoa kiasi gani kwa albamu sita peke yake, bila mkebe? Akikupa hizo shilingi 40,000, au hata pungufu kidogo, na hamjaona humo kamba isiyogusa tanga wala pauni ya 1948, msiikatae bei hiyo haraka. Akisema hataki albamu bila mkebe, basi amekuonyesha anachokitafuta, na unaweza kumwambia kwamba mkebe hauuzwi kwa sasa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Barua za babu wa baba yako zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zitafutieni mzee wa nyumbani anayezisoma, awasomee kabla ya bahasha yoyote kuondoka. Mnunuzi wa stempu hulipa kwa sababu ya nje ya barua, ilhali ndani mwaweza kuwa na mahari ya mtu, deni, mpaka wa shamba, au siri ambayo waliomo bado wana wajukuu mjini. Nakilini maneno yote katika daftari na mzipige picha kurasa zote. Kisha wekeni katika ile karatasi ya makubaliano orodha ya barua ambazo hazitauzwa kwa bei yoyote, kwa namba mlizozipa, na sahihi zenu zikiwa chini yake. Zilizobaki, zenye muhuri unaosomeka, nipigie picha za mbele na nyuma unitumie, nami nitakuambia zipi za kuandikiwa London na zipi za kuandikiwa Ujerumani.